Kitabu Kilichomtoa Wifi Nyumbani

Maktaba ya mji ilipotangaza kwamba msimu ule watu wote wasome kitabu kimoja, msusi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Alibeba nakala kadhaa, akazipanga saluni kwake kando ya makopo ya mafuta ya nywele, akawaambia wateja kwamba anayesubiri zamu atamsomea aliyeko kitini. Kusukwa kunachukua muda, na hata umbea huisha. Kitabu kikapokelewa vizuri.

Ilikuwa riwaya ya mke wa mtunza daraja. Kila siku anawaona watu wakivuka kwenda zao, anawachemshia chai, anasikiliza habari zao. Asubuhi moja anavaa viatu na yeye anavuka. Mumewe anamwona akienda, hasemi neno.

Nakala moja msusi alimpa wifi yake. Kaka yake msusi alikuwa fundi vioo mwenye duka mtaa wa nyuma, na mkewe ndiye aliyekuwa akipokea simu, kuandika vipimo na kufagia vipande. Wifi alikuwa mtu wa kucheka, ila siku hizo kicheko kilikuwa kimemkauka. Msusi alidhani kusoma kutamchangamsha.

Kilimchangamsha kweli. Kabla wasomaji wa saluni hawajafika hata katikati, wifi alikusanya nguo zake akahamia kwa rafiki yake, fundi cherehani, upande wa pili wa mji.

Kaka aliingia saluni bila hodi, unga wa kioo ukimetameta kwenye mikono ya shati. Kitini alikuwapo mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Mke wangu."

"Kaka, mimi ndiyo kwanza nasikia kwako."

"Wewe ndiye uliyempa lile likitabu."

"Nimewapa wengi. Wenzake wote wapo kwa waume zao."

Mteja alijifanya anatafuta kitu kwenye simu, masikio yote yakiwa kwa ndugu hao wawili.

"Mama ameshajua," kaka akasema. "Anasema umenivunjia nyumba."

Akachukua nakala moja mezani, akaipindua huku na huku kama bidhaa iliyorudishwa dukani, akaitia kwapani na kuondoka nayo.

Tangu hapo msusi hakutulia. Akipasua nywele mstari unakwenda upogo, anafumua, anaanza upya. Aliosha vitana ambavyo vilikwisha kuoshwa. Simu ikilia anaidaka; isipolia, anaichungulia. Wifi alimtumia ujumbe mmoja tu: niko salama, usinitafute kwanza. Mama naye akapiga.

"Mwanangu, kweli ulikosa cha kumzawadia wifi yako? Hata sufuria?"

"Mama, kilikuwa kitabu tu."

"Sufuria ingemweka jikoni."

Siku iliyofuata alifunga saluni mchana, akavirudisha vitabu maktaba. Mkutubi alikuwa mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Mama Kimya, ingawa yeye mwenyewe aliongea kama redio. Alisikiliza habari yote huku akibandika karatasi za tangazo la mjadala wa Jumamosi.

"Kitabu hakina mikono," akasema. "Hakikumkunjia nguo."

"Na asingekisoma?"

Mama Kimya akashusha gundi.

"Sijui," akasema. "Sitakudanganya. Lakini njoo Jumamosi. Usiniache peke yangu na watu hawa."

Jumamosi kulikuwa na upepo. Madirisha ya maktaba yalikuwa yanagonga, na kila mlango ulipofunguliwa karatasi zilipeperuka mezani. Ukumbi ulijaa. Msusi alikaa karibu na mlango, akahamia dirishani, akarudi mlangoni. Kaka akaingia, amevaa shati safi, kitabu mkononi, vipande vya gazeti vimechomoza kati ya kurasa. Msusi hakukumbuka lini alimwona mara ya mwisho akisoma kitu kirefu kuliko risiti.

Halafu akaingia wifi, ameongozana na fundi cherehani. Alimwona mumewe, akasita, msusi akadhani atageuka. Hakugeuka. Alikaa safu ya nyuma kabisa.

Mjadala ulianza kwa kelele. Mzee mmoja mstaafu wa posta alisema mtu hawezi kuacha daraja na mume kwa pamoja, achague kimoja. Muuza mikate alisema yeye angevuka tangu sura ya kwanza, na chai asingepika. Watu wakacheka. Ndipo fundi vioo akanyoosha mkono.

"Swali langu ni la yule mume," akasema. "Anamwona mkewe anavuka. Mlango uko wazi, sauti anayo. Mbona hamwiti?"

"Wewe unaonaje?" Mama Kimya akauliza.

"Mwanzo niliona ni kiburi. Nikarudia kusoma. Sasa naona hakuwa na la kusema. Amezoea kumwambia lete chai, funga lango. Maneno mengine hana."

Sauti ikatoka nyuma.

"Angeuliza tu," wifi akasema.

Kaka hakugeuka. "Angeuliza nini?"

"Unakwenda wapi. Si kwa ukali. Kwa kutaka kujua."

"Na angejibiwa?"

"Labda angeambiwa mkewe anataka kufundisha watoto wadogo, kama alivyosomea kabla ya kuolewa. Labda angeambiwa amechoka kuulizwa vipimo kutwa nzima, na hakuna anayemuuliza ameamkaje."

Mstaafu wa posta akaanza kufungua kurasa haraka haraka, akitafuta mahali mke wa mtunza daraja aliposomea ualimu. Fundi cherehani akamgusa mkono. Mzee akakifunga kitabu.

Kaka sasa aligeuka. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Basi namuuliza," akasema. "Anakwenda wapi?"

Wifi alitazama magoti yake. "Leo anarudi kwa rafiki yake. Akitokea wa kumsindikiza, hatamfukuza."

Walipotoka, msusi aliwafuata kwa macho kutoka dirishani: fundi cherehani mbele, wao wawili nyuma, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Miguu ilimwasha kuwakimbilia asikie wanasema nini. Mama Kimya akampa viti avikunje.

Wifi hakurudi upesi. Kaka alikuwa akifunga duka mapema na kwenda upande wa pili wa mji. Jioni nyingine alipita saluni akitabasamu, nyingine alipita bila salamu. Mwishowe wifi alipata kazi shule ya chekechea, ndipo akarudi nyumbani. Simu ya dukani inapokelewa na kijana wa kuajiriwa, na Mama anasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mambo yatakaa sawa.

Alasiri moja wifi alikuja kusukwa. Walikuwa wawili tu.

"Sanduku langu moja la nguo bado liko kwa fundi cherehani," akasema, akitazama kioo.

"Utalifuata lini?"

"Sijui. Acha likae kwanza."

"Kaka anajua?"

"Hapana."

Vidole vya msusi vilisimama kati ya nywele, vikaendelea. Alivuta, akavuta tena, mpaka wifi akamwomba alegeze.