Mama Alipoliona Shati

Filamu fupi za ng'ambo zina tabia moja mbaya: watu wake hawasemi. Mzee anaitazama theluji dirishani, anaitazama weee, basi, imekwisha. Sasa mimi mtafsiri, niliyeshikishwa maikrofoni, nitafune ulimi? Aka! Yule mzee nilimpa mama mkwe mkorofi, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwenye ukumbi alinikanya nipunguze chumvi, lakini wiki nzima ya maonyesho watu walikuja kunisikiliza mimi, wala msinibishie.

Jumamosi alikuja mama, na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka aliondoka kutafuta maisha, akapanda boti kuvuka bahari, simu yake ikazimika hadi leo. Wifi alikuwa amepata mchumba, fundi wa majokofu, mtu mpole. Mama alilia, akanuna, akasusa chakula. Asubuhi ile ndipo alipomwambia, "Nenda mwanangu. Usizeekee hapa kwa ajili yangu." Wakaja kwangu kupoza moyo.

Filamu ya tatu ililetwa dakika za mwisho, sikuwa nimeiona. Mchimba makaburi wa mji mmoja wa mbali anaonyesha nguo za watu ambao bahari iliwatupa ufukweni. Kabla sijatafsiri neno, akainua shati. Mfuko wake ulikuwa umetiwa kiraka cha pazia la chumbani kwetu.

Mama akasimama. "Huo mshono wangu! Shati la mwanangu hilo! Anasemaje huyo mtu?"

Mchimba makaburi alikuwa anasema: "Huyu nilimzika mwenyewe. Kijana mrefu. Jina lake sikulijua."

Kaka yangu! Nilitaka kupiga yowe, lakini ukumbi wote ulikuwa unanisubiri, na mama amenikodolea macho. Mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Anasema mwenye shati yu hai. Walimpa nguo kavu, akaenda zake kwa miguu yake mwenyewe."

Watu walipiga makofi, wengine wakalia. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Filamu nyingine ikaanza, nami nikaitafsiri, nimejaa woga na aibu.

Nje nilimkuta mama amemshika wifi mkono, kamng'ang'ania.

"Mumeo yu hai, umesikia? Yule fundi aambiwe asikanyage kwangu tena."

Wifi alinitazama mimi.

"Wifi, ndivyo alivyosema? Hivyo hivyo?"

Mama alikuwa anacheka. Tangu kaka aondoke sikuwahi kumwona akicheka namna ile.

"Ndivyo," nikasema.

Wifi akatoa simu, akampigia fundi palepale mbele yetu.

"Usije kesho," akamwambia. Akasikiliza kidogo. "Hapana, hajarudi. Lakini yu hai."