Chumvi ya Devran

Mtoto mchanga akilala kupita kiasi, mwamsheni. Msimsifu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua wasomaji, na mimi ni mmoja wao: chungu kikichemka jikoni mtu anaweka karatasi chini na hairudii tena. Basi hata ukiishia hapa, neno lenyewe umeshalipata.

Sisi ni watu wa Urfa. Joto la kwetu likianza kupasua ardhi tunafunga virago, tunakwenda kaskazini kwenye milima ya Ordu inayotazama Bahari Nyeusi, kuchuma findiki, zile kokwa ndogo za mviringo wanazotia kwenye chokoleti. Kila familia inasimamisha hema lake la turubai kando ya shamba na kukaa humo kiangazi kizima. Mwaka ule mimi na mume wangu Sheymus tulikuwa na mtoto mmoja, Berfin, wa miaka mitatu, na wa pili alikuwa tumboni akikaribia kutoka. Kuna watakaouliza kwa nini nilisafiri na tumbo la namna ile. Ningebaki na nani? Nyumba nzima ilihama, mpaka kuku.

Aliyeshika hema letu ni mama mkwe wangu, Zarife. Alizaa tisa na wote wako hai, kwa hiyo neno lake juu ya watoto halikuwa na mpinzani.

Uchungu ulinishika shambani, kikapu kikiwa bado kiunoni. Gari la mwenye shamba likanishusha hospitali ya mjini, nikajifungua salama mtoto wa kiume, na kesho yake nikarudishwa kambini. Tukamwita Devran.

Sasa nieleze jambo ambalo wanawake hatuambiani. Walipoweka mtoto kifuani pangu nilimtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani uliyeombwa umshike kidogo, mama yake anafunga kamba ya kiatu. Nilijua ni wangu. Nilijua ni mzima, ana vidole vyote. Lakini ni kama umekalia mguu ukafa ganzi, ukiugusa unajua kuna mguu ila ni wa mtu mwingine. Ganzi yangu ilikuwa kifuani. Kwa Berfin haikuwa hivyo. Sikumwambia mtu. Wakiniambia kula, nilikula. Wakiniambia lala, nililala.

Tulipofika hemani mama mkwe alikuwa ameshasaga chumvi, laini kama unga.

"Mlete," akasema.

Kwetu mtoto mchanga hupakwa chumvi ili ngozi ikaze na jasho lake lisije kunuka ukubwani. Kijana akinuka kwapa watu humuuliza kama kwao chumvi iliadimika. Mimi nilipakwa, Sheymus alipakwa. Berfin pia alipakwa, lakini yeye alizaliwa nyumbani, kwenye maji ya bomba, na jioni ileile akaoshwa kwa maji mengi. Hilo la maji mlishike.

"Usimbanie, dada Zarife," akasema Medine, mama wa hema la jirani, aliyekuja kumwona mtoto. "Usije ukatuletea mwingine kama mume wangu. Yule nikimfulia shati nageuza uso."

"Mumeo hata wangemlaza kwenye pipa la achari asingekolea," mama mkwe akamjibu, na mikono yake inapaka. Shingoni, makwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Kisha akamfunga kwa nguo, mikono ndani, kama mkate uliokunjwa.

Kambini maji yalitoka kwenye chemchemi ya bondeni na kupandishwa kwa madumu. Agosti ile chemchemi ilikuwa imebaki uzi tu, na mahema yote yanaigombea. Maji yakifika yanakwenda kwanza kwenye unga, halafu kwenye chai. Jioni ya kumwosha Devran ikafika, maji hayapo. "Kesho," akasema mama mkwe, akampitishia kitambaa kibichi usoni na tumboni. Kesho yake akamfungua, akakuta wekundu shingoni na kwenye mapaja. Joto la milima ile si kama letu. Letu ni kavu, lile lina unyevu, nguo hazikauki. Akasema joto la huku linaozesha watoto, akaongeza chumvi palepale penye wekundu, akamfunga tena.

Devran alilia siku ile. Baadaye akanyamaza.

Hapo ndipo sifa zilipoanza.

"Mtoto gani huyu," alisema Medine. "Mgeni anakunywa chai mpaka anaondoka, hajui kama yupo."

Sheymus akirudi kutoka shambani mikono myeusi kwa maji ya maganda, anachungulia. "Amelala?"

"Amelala."

"Ana akili. Anajua baba yake amechoka."

Mimi nilikaa ndani nikisikiliza matawi ya findiki yakitikiswa mlimani. Nilimpa ziwa, akalishika, akaliachia. Maziwa yakajaa mpaka kifua kikawa kigumu kama jiwe, nikayakamua kwenye kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kufua nguo anazolowesha na kuzianika nyuma ya hema. Kamba ikaanza kuwa tupu. Nguo moja, kisha hakuna. Niliitazama kamba ile, na nililowaza ni kwamba vizuri, maji yatatosha chai. Kina mama, kamba tupu ya mtoto mchanga ni ya kuogopwa kuliko nyoka. Mimi niliitazama hivihivi, kama mtu anayetazama ukuta.

Mchana mmoja wachumaji walipopumzika, wanawake walijaa hemani kwetu kunywa chai. Devran alikuwa mapajani kwangu.

"Gulistan, mwanangu," akasema mama mkwe mbele yao, "mbona sijakuona ukimbusu? Watu watasema hukumtaka."

"Nitambusu."

"Lini? Akioa?"

Wakacheka. Nikambusu kwa sababu nilikuwa natazamwa. Kwenye paji la uso, halafu shingoni chini ya sikio, kama mama wengine wanavyofanya. Midomo yangu ikakutana na punje.

Nikajilamba. Ilikuwa chumvi yenyewe, si jasho. Nikambusu tena palepale, wanawake wakafurahi wakidhani mapenzi yamefika. Mtoto ukimgusa shingo kwa midomo anajikunja. Huyu hakujikunja. Nikamtia kidole mdomoni, na ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Mama," nikasema, "huyu alioshwa lini?"

"Si amefutwa?"

"Kuoshwa."

"Maji yako wapi, mwanangu? Au unataka tumwogeshe kwa chai?"

Wakacheka tena, ila Medine hakucheka. Alikuwa amekiona kidole changu kilivyotoka kikavu.

"Hakojoi," nikasema.

"Joto hili. Maji yote yanatoka kwa jasho."

"Hana jasho. Mguseni."

Hakuna aliyemgusa. Nikasimama naye.

"Nampeleka hospitali."

"Hutoki," akasema mama mkwe, na safari hii hakuwa na mzaha. "Arobaini haijaisha. Ukitoka na kichanga itawaangukia nyote wawili."

Kwetu mzazi na mtoto wanakaa ndani siku arobaini. Wakitoka kabla, ubaya unaozunguka nje unawapata, mama anapoteza akili na mtoto anakauka. Nililelewa katika hilo. Gulistan wa siku nyingine angekaa chini, tena haraka. Lakini woga nao unahitaji kifua kilicho hai, na changu kilikuwa kimekufa ganzi. Sikuogopa arobaini, wala mama mkwe. Nitasema ukweli, hata kwamba mtoto atakufa sikuogopa. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba sufuria inaungua. Nikavaa ndara zilizokuwa karibu na mlango, zikawa za Medine, nikatoka.

Shamba liko kwenye mteremko mkali. Nilipanda nikishika mashina. Wanaume waliokuwa hawajashuka kupumzika waliniona kwanza.

"Sheymus, bi harusi wako amekuja kukusaidia kazi."

"Kumbe mwaka huu arobaini imefupishwa? Tuambieni na sisi."

Sheymus alikuwa amevuta tawi, akaliachia likarudi juu kwa kishindo.

"Kuna nini? Mama anajua?"

"Anajua."

"Amekubali?"

"Hapana. Mbusu mwanao."

"Nini?"

"Hapa, shingoni. Mbusu."

Aliwatazama wenzake, kisha akainama, akambusu haraka kama mtu anayeona haya. Alipoinuka alipitisha ulimi kwenye midomo. Akanitazama. Akainama tena, pole pole, akambusu upande wa pili.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuja. Hajawahi kuoshwa. Hanyonyi, hakojoi, na wote mnasema ana akili."

Sheymus akavua kikapu, akapiga mluzi kwa mwenye trekta aliyekuwa akipakia magunia barabarani. Tukapanda juu ya magunia ya findiki. Trekta halijaondoka, mama mkwe akatokea akikimbia, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani, pumzi hana. Nilidhani amekuja kunishusha. Alipandia kwa nyuma, akakaa, akatoa kipande cha mkate kifuani mwake akakisokomeza ndani ya nguo za mtoto.

"Hunisikilizi mimi, sawa," akasema. "Mkate utamlinda njiani."

Berfin tulimwacha kwa Medine. Alisimama barabarani anapunga mkono, akidhani tunakwenda sokoni.

Hospitali, daktari mwanamke alifungua ile nguo, mkate ukaanguka sakafuni. Ngozi ya shingo na mapaja ilikuwa imebambuka, nyama nyekundu inaonekana.

"Mmempaka nini?"

Mama mkwe akaangalia mikono yake.

"Chumvi," nikasema.

Hakutukaripia. Alikuwa ameshaanza kumtafuta mshipa. Baadaye alitueleza kwamba chumvi ilipita kwenye ngozi iliyochubuka ikaingia ndani, damu ya mtoto ikajaa chumvi na mwili ukakauka. Akasema ni lazima ishushwe pole pole, kwa maji ya mshipani yanayopimwa, kwa sababu ikishuka ghafla kichwa huvimba ndani. Nalisema hili kwa yule atakayemkuta mtoto wake hivi akakimbilia kumnywesha maji kikombe kizima. Usifanye hivyo. Mpeleke.

Hakutuahidi kitu. Tukakaa kwenye benchi.

"Tisa," akasema mama mkwe. "Tisa niliwatia chumvi kwa mkono huu."

Baada ya muda nilimwona amegeukia pembeni, anaulamba ule mkono. Alikaa hivyo, mdomo kwenye kiganja, macho yametazama sakafu.

Sheymus alitoka, akarudi, akatoka. Mimi nilikaa. Nilihesabu vigae, nikasahau, sikuanza upya. Usiku ukapita, na mchana, na usiku mwingine. Walinipa chombo cha kukamulia maziwa, nikakamua.

Asubuhi muuguzi akaja ameshika nguo iliyolowa, anaionyesha kama mtu anayeuza kitambaa.

"Amekojoa," akasema.

Nyuma yake, ndani, tukasikia kilio, chembamba, kama cha paka aliyefungiwa. Mama mkwe akapiga magoti palepale kwenye vigae akilia kwa sauti. Sheymus akageukia ukuta. Nami nilingoja nilie. Nilijua hapa ndipo mama analia. Machozi hayakuja. Nikamuuliza muuguzi kama mkojo wenyewe ni mwingi.

"Wa kutosha," akanijibu, akanitazama sana.

Kiangazi kile tulikimaliza bila mimi kuchuma tena. Tuliporudi Urfa, mkunga wa zahanati alinikalisha akaniuliza ninavyolala na ninavyokula, na kama nampenda mtoto. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo kwa upole, wengine waliuliza kwa kutania. Nikamwambia sijui. Akasema yeye amewaona wengi kama mimi, kwamba ni ugonjwa na una dawa. Nilipewa dawa. Kifua kilirudi kidogo kidogo, majira ya baridi, kama mguu unavyorudi, kwa kuchomachoma. Basi na wewe uliye na ganzi hiyo, sema kwa mtu. Na kabla haijaisha usingoje moyo ukushtue, huenda usishtuke. Tazama kamba ya nguo. Tazama ulimi wa mtoto.

Mama mkwe hakupaka mtoto mwingine chumvi. Wakija kumwita, anawaambia chumvi imekwisha nyumbani.

Devran sasa ana miaka saba. Juzi alirudi kutoka kwenye mpira, ameloa jasho, ananuka kama mbuzi dume. Bibi yake akacheka akasema huyu kweli hakukolea. Mimi nilimvuta nikambusu shingoni, midomo ikakutana na chumvi. Ni jasho tu, kila mtoto anayecheza analo. Mikono yangu ikawa baridi hata hivyo.

"Mama, unanilamba tena," akasema, anajivuta. Nje wenzake walikuwa wanamngoja na mpira.

"Umekojoa leo?"

"Mama, wanasikia."

"Wasikie. Umekojoa?"