Gari Lisilobisha Hodi

Mimi gari lisilolia silitaki. Mniite mshamba, mniite bibi wa zamani, nimezoea. Gari linatakiwa lisikike tangu kule kwenye kalavati, watu wajue kuna mgeni, mwenye kujifunika ajifunike, mwenye kufukuza kuku afukuze. Hapa Nkololo ndivyo tunavyoishi. Bafu langu ni mabua tu niliyoyasimamisha nyuma ya nyumba, upande mmoja wazi, na miaka yote nimeoga kwa masikio. Lori la pamba nalijua. Pikipiki ya katekista naijua. Na lile gari la zamani la mkwe wangu Onesmo lilikuwa linakohoa toka mbali. Nikilisikia, nilikuwa na muda wa kumaliza, kuvaa na kukaa ndani nimsubiri kwa heshima zake.

Maana mkwe wa kiume kwetu si mtu wa kuzoeana naye. Hatuli sahani moja, hatukai mkeka mmoja, na tukikutana njiani mmoja wetu anapisha. Onesmo kazaliwa Kimali, kwa Wasukuma wenzetu, hayo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Tangu amwoe binti yangu Rhoda hajawahi kunitazama machoni, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Sasa mwaka huu akanunua gari jipya. Wenyewe wanaita krosova, tena haibridi: linakwenda kwa mafuta, likipunguza mwendo linakwenda kwa umeme. Rhoda alinieleza kwenye simu mpaka nikachoka. Kumbe magari hayo yakiwa kwenye umeme yanatoa mlio mdogo wa kuwashtua watu. Waliotengeneza wana akili zao. Onesmo akasema mlio unamkera, kama mbu sikioni. Akalipeleka kwa fundi mmoja pale Bariadi, Marcelo, kijana wa kuchezea magari. Huyo akalishusha chini, na barabara zetu hizi, akaweka rimu pana na vioo vyeusi, na kile kidude cha mlio akakichomoa. Rhoda akasema, "Mayu," ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "sasa linapita kama paka." Tukacheka wote wawili. Mjinga mimi.

Rhoda alikuwa mjamzito. Watoto wake wawili wa mwanzo tuliwazika wachanga. Huyu wa tatu aliniapisha: siku hiyo uje, mayu, usimame mlangoni, nikijua upo nitaweza. Nikamwambia nitakuja hata kwa magoti.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, tunachambua pamba. Uwanja wa mbele wote umeanikwa pamba, hapapitiki. Simu yangu iko kwa jirani yangu Mektilda mwenye sola, inachajiwa. Nikaenda kuoga. Niko na sabuni usoni, nimeinama kwenye beseni, nikasikia kioo kinateremka. Zii. Karibu kabisa. Kisha sauti inanisalimu: "Mwadila, mayu, Rhoda ame..."

Sauti ikakatika.

Nikafumbua macho, sabuni ikaniingia, nikaona hivyo hivyo. Gari linang'aa hatua chache tu kutoka kwenye beseni, na ndani yake Onesmo, mdomo wazi, mkono ndio kwanza anaupeleka machoni. Alikuwa amezunguka nyuma asikanyage pamba yangu. Mimi nilikuwa kama nilivyozaliwa, mwanamke wa umri wangu, mbele ya mkwe. Nikachutama, nikajikunja, nikatamani ardhi ipasuke.

Sijui nilifikaje ndani. Nilifunga mlango nikajifunika kanga mbili na blanketi juu, na joto lile. Onesmo akaenda kusimama ng'ambo ya pamba, mgongo ameugeuzia nyumba, akawa anapaza sauti kuelekea barabarani. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, daktari anataka kumpasua Rhoda sasa hivi, na Rhoda anakataa kuingia mpaka amwone mama yake.

"Twende, mayu," akasema. "Nisamehe, lakini twende."

Nikavuta blanketi mpaka kichwani. Ningemjibu kwa mdomo gani?

Mektilda alikuja na simu yangu mkononi, kumbe ilikuwa imeita mpaka imechoka. Akawa mjumbe wetu, ingawa kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake.

"Anasema panda nyuma, ujifunike. Kioo cha kati atakigeuza asikuone."

"Mwambie sipandi."

"Anasema mbuzi wa kuondoa aibu ataleta kesho, na chochote wazee watakachosema. Hata ng'ombe."

"Basi mwambie kesho ndiyo tutaonana. Leo atangulie. Mimi nitakuja na bodaboda."

Mektilda akaacha kazi ya ujumbe, akasema ya kwake. "Dorkasi, mwanao anapasuliwa, wewe umekaa kulinda matako? Alishaona. Hata ukijifungia humo mpaka Krismasi, alishaona."

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Huo ndio ukali wangu, kila mtu anaujua. Kwa Mektilda ni rahisi kusema, hana mkwe.

Bodaboda wetu, Mboje, alikuwa amepeleka mahindi mashineni. Tukamsubiri. Onesmo hakukubali kutangulia. Alisimama palepale juani akipokea simu, na kila akimaliza moja mabega yanazidi kushuka. Nilikuwa namwona kwa upenyo wa dirisha. Moyo uliniambia toka, nenda, mwanao anakusubiri. Miguu ikagoma. Na blanketi lile lote, nilijiona bado niko uchi.

Mboje alipofika nikapanda, nimejifunika mpaka kichwani. Tukaenda hivyo, bibi mbele juu ya pikipiki anakula vumbi, krosova mpya nyuma, viti vyote vitupu. Watu walisimama pembeni kututazama. Nilijua gari lipo nyuma yangu na sikulisikia hata kidogo, na kugeuka siwezi.

Tulipofika hospitali, mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umeshafungwa. Rhoda yuko ndani. Nilikaa kwenye benchi, Onesmo akaenda kukaa kule kwenye ngazi. Nilitaka kumwomba Mungu, lakini hata yeye nilimwonea haya. Ningeanza kumweleza nini?

Baadaye nesi akatoka na habari. Mtoto wa kike, mzima, na sauti anayo. Mama yake pia mzima.

Waliporuhusu tuingie, Rhoda alikuwa amelala chali, midomo imemkauka. Onesmo alibaki karibu na mlango anatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa. Nilijua ataniuliza nilikuwa wapi, na nilikuwa nimepanga kumwambia tulipata pancha.

Hakuniuliza. Alinishika mkono.

"Nilikuwa nasikiliza gari, mayu," akasema polepole. "Wananiambia twende, mtoto anachoka, mimi nasema ngojeni, nasikiliza gari. Mara nikakumbuka gari lenyewe halisikiki siku hizi. Nikajiambia basi hawa wameshafika, mayu yuko nje hapo. Ndiyo nikawaambia haya, nipelekeni."

Nikamwekea shuka vizuri.

"Wakati wananiingiza nilikuwa naongea na wewe kimoyomoyo," akasema. "Ulikuwepo mlangoni, si ndiyo?"

Nikainua macho kwa Onesmo, na yeye akainua ya kwake. Tukatazamana, mimi na mkwe wangu, usoni kabisa, jambo ambalo hatujawahi. Yeye ndiye aliyegeukia ukuta kwanza.

"Nilikuwepo," nikasema.

"Nilijua tu," akasema Rhoda, akafumba macho.

Nesi akaniletea mjukuu nimpakate. Nilivuta kanga nikajifunika uso, nikampokea hivyo hivyo, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Nesi akamwambia mwenzake kwamba bibi analia kwa furaha.