Bia ya Kahawia ya Irma

Jumamosi saa tisa alasiri Irma alikaanga vitunguu kwa siagi, akarudisha nyama sufuriani, akafungua chupa ya bia ya kahawia. Bia ilipogusa nyama, marehemu mumewe Firmin aliingia kwa mlango wa nyuma, akafuta viatu, akaketi. Irma alimmiminia iliyobaki chupani. Imekuwa hivyo kila apikapo kwa bia ya kahawia, tangu wamzike.

"Leontine amefika?" aliuliza Firmin.

"Bado."

Hakuwa na neno jingine, kama zile siku zake tatu za mwisho hospitalini. Leontine ni dada yake Firmin. Irma hakumwita wakati huo, maana walikuwa wamenuniana kwa ajili ya kabati la mama mkwe, na Irma akinuna amenuna. Baadaye alimwambia wifi yake kwamba Firmin alikata roho ghafla, bila kusema neno. Majuto, kama kawaida yake, yalikuja nyuma.

Oudenaarde ni mji mdogo wa Ubelgiji, unaojulikana kwa bia yake ya kahawia. Muuza bia alimwona Firmin dirishani, akamtajia Leontine katikati ya habari za mvua. Leontine akaja kubisha hodi.

"Wifi, nasikia kaka anakuja ukipika."

"Anakuja. Na bado hafungi mlango."

"Huyo ndiye yeye! Basi nami nije, nimwone tu. Sikumuaga, wifi."

"Njoo Jumamosi," alisema Irma, na alikuwa anamaanisha.

Jumamosi ilipofika, Irma alipaka haradali kwenye kipande cha mkate, akakilaza juu ya nyama. Akaishika chupa ya kahawia. Akawaza Firmin akiuliza swali lake, na Leontine akilisikia. Akairudisha rafuni, akafungua bia ya njano.

Leontine alifika amevaa koti la kanisani. Walikaa mpaka nyama ikalainika, na mlango wa nyuma haukufunguka.

"Labda leo kachoka," alisema Irma, akapakua.

Leontine alionja mchuzi, akaweka uma chini. Hata mtoto wa Oudenaarde angejua.

"Umetia bia ya njano, wifi."

"Ya kahawia imeisha."

Leontine alizitazama chupa tatu za kahawia zilizokuwa rafuni nyuma ya Irma. Alimaliza chakula chote, akaosha sahani, akavaa koti lake, akakosea vifungo, akaanza upya.

"Nisalimie kaka," alisema mlangoni.

Irma aliitikia kwamba atamsalimia. Alijua hatamsalimia, na Leontine pia alijua.