Maji ya Kumwogeshea Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu kabla mambo hayajaharibika alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka, na wanawake walimpangia foleni. Kisha mama mkwe akapatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, na familia ikakaa kikao. Wifi mkubwa alikuwa na biashara. Wifi mdogo alikuwa na watoto wachanga. Mume wa Fundi alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yupo, kesho hayupo. Mwishowe macho yote yakamgeukia yeye. Hakuna aliyemuuliza, alijikuta ameitikia kwa kunyamaza.

Tangu hapo dunia yake ikawa chumba kimoja, chenye dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani, harufu ya dawa ya kuchua, na redio iliyoachwa ikiongea kutwa ili mgonjwa asijione mpweke. Alimgeuza mama, akamlisha, akamfulia, akamgeuza tena. Mikono ilifanya kazi. Akili ilikuwa nje, ikigombana na mawifi na kushinda kila ugomvi.

Asubuhi moja wifi mkubwa alipiga simu, akasema Fundi ana bahati, anashinda nyumbani amekaa tu. Fundi akamketisha mama kwenye kiti cha plastiki bafuni huku maneno yale yakimchemka kifuani, hata akasahau kupoza maji. Akachota kwa kopo, akammwagia mguuni, ule wa kulia usiopooza. Mama hakupiga kelele, hakuweza. Alimshika tu kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo Fundi hakujua kama bado anazo.

Muuguzi aliyekuja kufunga kidonda hakufoka.

"Dada, wewe hukuwepo pale," alisema.

"Nilikuwepo."

"Mikono ndiyo iliyokuwepo."

Fundi alilia jikoni, kisha akaona haya, kwa kuwa nusu ya machozi yalikuwa ya kujihurumia.

Kesho yake alianza upya, kwa makini ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alipima maji kwa kiwiko. Akamwosha kidole gumba, kisha kinachofuata, na katikati yake. Akili ikikimbilia kwa wifi, aliirudisha kwenye sabuni bila kuikaripia. Siku nyingine kazi iliisha nayo haijarudi kabisa. Lakini alianza kuona vitu. Mama alikuwa akikaza kope kila redio inapoongea. Akaizima, na lile shavu zima likalegea. Kumbe miezi yote ile chumba kilikuwa na wafungwa wawili, na mmoja hakuweza hata kuomba apunguziwe kelele.

Akaona na jambo jingine, ambalo halikumpendeza: kila alipomwinua mama, yeye mwenyewe alikuwa akibana pumzi, na kiuno chake kilikuwa kikimwuma siku nyingi.

Wifi mkubwa alipokuja kusalimia, alimsifu kwamba sasa ameshazoea. Fundi alikuwa akimkausha mama vidole, hakuacha.

"Sijazoea, wifi. Nimechoka. Jumamosi utamwogesha wewe."

Wifi alicheka, akidhani ni utani. Akamtazama mama, akamtazama Fundi, kicheko kikamkauka.

Jumamosi alikuja, kachelewa, kanuna. Fundi alimwelekeza, kisha akatoka hadi kona ya mtaa na kusimama. Hakuwa na pa kwenda. Upepo ulimpiga shingoni, masikio yakiwa bado nyumbani.

Juma lililofuata wifi alituma udhuru. La baadaye akaja. Ndivyo walivyoendelea, kwa kusukumana. Siku asipokuja, Fundi huingia mwenyewe, hukunja mikono ya gauni, na kumwambia mama kila jambo kabla ya kulifanya: sasa nakuinua, sasa nakuosha mgongo. Mama hupepesa jicho kuitikia. Kuna asubuhi hilo linamtosha. Kuna asubuhi halimtoshi hata kidogo, na anamwogesha hivyohivyo.