Dungu la Mrisho

Saa nne asubuhi, Naibu Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Donati, alikuwa ofisi ya kata Mkongo akinywa chai ya tangawizi, akifunga na kufungua vifungo vya koti. Kutulia hakuweza. Mfukoni alikuwa na jibu lililoandikwa Dodoma na watu wasiowahi kukanyaga Rufiji: siku ya mazoezi ya mizinga ya jeshi, ndani ya uzio wa eneo la mazoezi hapakuwa na raia wala makazi. Kazi ya waziri ni kuamua. Ya naibu, jamani, ni kusoma.

Uwanjani Mwajabu alikuwa akimsubiri. Mwezi wa tano, siku ile ya mazoezi, mumewe, Mrisho, alipanda dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, kulinda mpunga usiliwe na ndege. Hakushuka. Mwili haukuonekana, na bila mwili wala neno la wakubwa shehe alikataa kutangaza msiba. Mwajabu akabaki si mke, si mjane.

"Baba, sitaki maneno mengi," alimwambia Donati. "Nikae eda au nisikae?"

Kabla hajajibiwa, dungu la Mrisho likaingia uwanjani kwa miguu yake minne, limelowa tope hadi magotini, maana lilikuwa limevuka mto. Watu wakasogeza viti lipite. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyimvua, akaliambia pole ya safari. Sakafu yake ilikuwa na tundu kubwa, kingo zimeungua. Ndani mlikuwa na sufuria, kombeo la kufukuzia ndege na kandambili ya mguu wa kushoto.

Donati alichungulia. Alijua ni mzinga. Akampigia waziri simu pembeni.

"Soma kilichoandikwa," waziri akasema.

Akasoma.

Dungu likafuata msafara. Kibiti trafiki alilisimamisha kwa kukosa namba, akaliachia kwa onyo. Siku ya tatu lilifika Dodoma, likasimama nje ya nyumba ya Donati. Mkewe, Elina, alilalamika kwamba linazibia mchicha jua, kisha akazoea, akawa anaanika mashuka kwenye ngazi yake. Donati ndiye hakupata raha. Alihama chumba, akageuza kitanda, akaomba safari za nje akanyimwa. Akienda bungeni, dungu humngoja kwenye maegesho. Mara nne aliulizwa humo habari za Mrisho, mara nne alisoma.

Ijumaa moja Mwajabu alipiga simu.

"Baba, nasikia dungu liko kwako. Tundu umeliona?"

"Nimeliona, mama."

"Basi niambie wewe, siyo Serikali."

Donati alisimama, akakaa, akasimama tena. Kwenye ngazi mashuka yalikuwa yamekauka. Akavuta karatasi.

"Serikali haina taarifa ya raia yeyote kudhurika katika eneo hilo."



"Haya, baba," Mwajabu akasema. "Kama mume wangu yu hai, ngoja nikampikie."