Hodi Kutoka Kifuani

Asubuhi moja mwaka 1954, mjini Stanleyville, kama Kisangani ilivyokuwa ikiitwa siku hizo, karani Félicien alikuwa anapiga chapa tangazo la meli ya kwenda Léopoldville, pale mlango wa ofisi ulipobishwa. Ko, ko, ko. Mkuu wake, Mbelgiji aliyeitwa Hilaire, alisema "Ingia" bila kuinua kichwa. Hakuna aliyeingia. Mlango ukabishwa tena. Hilaire akaenda kufungua, akatazama huku na huku barazani, akafunga. Alipokuwa anarudi kwenye kiti chake alipita nyuma ya karani, akasimama, akainama kidogo.

"Ni wewe," alisema.

"Ndiyo, Bwana," alijibu Félicien. "Nafikiri ni moyo."

Ulikuwa moyo kweli. Uligonga kama kidole kilichokunjwa kinavyogonga ubao mkavu, kwa adabu, lakini bila kukata tamaa. Hilaire hakuwa mtu mbaya. Aliamuru meza ya karani isogezwe karibu na mlango, ili hodi hiyo angalau itokee mahali panapostahili. Kazi ikaendelea.

Félicien alikuwa wa kwanza kujicheka. Jioni, mbele ya bia, aliwaambia wenzake: "Batu bote banapiga hodi juu ya kuingia. Mimi njo mutu wa kwanza kupiga hodi na niko tayari mu ndani." Walicheka sana, naye alicheka kuliko wote, kwa sababu watu wakicheka hodi yake haikusikika.

Chanzo alikijua. Alikuwa ameomba kadi waliyopewa Waafrika wachache walioonekana kuishi kama Wazungu. Kabla ya kadi kutolewa, tume ilikuja nyumbani kwa mwombaji bila kutaja siku. Ilitazama kama uma zinatumika au ni za kuonyesha tu, kama choo kina mfuniko, kama mke anakula mezani pamoja na mumewe. Tangu aombe, Félicien alikula lituma, ndizi za kupondwa ambazo watu hula kwa mkono, kwa kisu na uma. Alivaa tai hata akienda kunyoa ndevu uani. Alilala na soksi, maana alisikia kwamba tume ilimkuta mtu mmoja wa mtaa wa Lubunga bado kitandani, miguu nje.

Nyumbani, mwenye taabu zaidi alikuwa mke wake, Marceline. Kila hodi ilipopigwa, yeye ndiye aliyekwenda mlangoni, kwa kuwa siku moja ingeweza kuwa tume yenyewe. Alifungua na kufunga mpaka bawaba zikalegea.

"Félicien," alisema siku moja, mikono imejaa majani ya pondu. "Ule moyo yako, hauwezi kuita jina? Nijue kama ni weye ao ni batu."

"Moyo yangu haikusoma, mama. Mimi peke yangu njo nilisoma."

Félicien alikwenda hospitali ya weusi. Daktari, Mzungu mwenye haraka, alimwekea mipira ya kusikilizia kifuani, akasikia, na kwa mazoea akasema "Ingia." Kisha akasema ni minyoo.

"Daktari, sipati usingizi," alisema Félicien. "Mikono inatoka jasho. Nikiona gari limesimama mtaani kwetu, pumzi inanikata. Nimesoma gazetini kuna ugonjwa wa nerfs, wa mishipa ya fahamu."

Daktari alimweleza kwa upole kwamba nerfs ni ugonjwa wa watu waliokaa na ustaarabu muda mrefu. Mwafrika kwa asili ni mtulivu.

"Na nikipata kadi," aliuliza Félicien, "nitaruhusiwa kuwa na nerfs?"

Alikuwa anatania. Lakini daktari alilifikiria swali lile kwa makini, akatazama dirishani, akajibu kwamba haiwezekani mara moja. Labda wajukuu wake.

Félicien alimeza dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka. Moyo ukaendelea.

Wiki ile ile, familia ikiwa mezani asubuhi, hodi ilipigwa, Marceline akamtazama mumewe kwa ukali. Félicien aliweka kiganja kifuani. Wake ulikuwa kimya. Hodi ikapigwa tena, ndogo sana, kama ukucha unaogonga kopo. Ilitoka kwa Viviane, binti yao mdogo, aliyekuwa ameanza shule ya masista mwaka ule.

"Ilianza wakati gani?" aliuliza Félicien.

"Sijue," alisema mtoto. "Nilizani iko hivi kwa batu bote."

Hapo ndipo walipoelewa yale maumivu ya tumbo ya kila asubuhi, na kwa nini mtoto alitapika uji siku za shule na si Jumapili. Masista walikuwa wamesema ni uvivu. Marceline mwenyewe alikuwa amesema ni uvivu, tena kwa sauti kubwa zaidi ya masista.

"Daktari alikosea," alisema Félicien. "Alisema bajukuu. Familia yetu imeendelea mbio kuliko alivyozani." Alisubiri mtu acheke. Hakucheka hata yeye, na kwa kuwa hapakuwa na kicheko, mioyo miwili ilisikika chumba kizima.

Jumapili Félicien alimchukua mtoto wakaenda kwa mama yake mwenyewe, Mama Gertrude, aliyeishi kando ya maporomoko ya Wagenia, katika nyumba alimoolewa, karibu na miti mikubwa iliyosimikwa majini, ambako wanaume wa ukoo walitega migono yao ya samaki. Maji pale yalinguruma mchana kutwa. Watu walizungumza kwa kupaza sauti na hakuna aliyeona ni ukorofi. Félicien aliuliza kwa sauti ya juu kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuwa na moyo wa namna hii.

Mama Gertrude alimvuta Viviane, akamlaza sikio kifuani pake.

"Koko," mtoto alimwambia bibi yake baadaye, "yako iko nguvu sana."

Félicien naye akasikiliza. Ilikuwa kama mchi kwenye kinu.

"Ilianza nikiwa musichana," alisema Mama Gertrude. "Baaskari walikuja kukamata banaume ya kubeba mizigo ya vita. Baligonga mulango yetu. Kaka yangu alienda, hakurudia. Tangu ile siku banagonga tu."

"Na haukusema?"

"Nani angesikia? Maji iko na makelele. Juu ya ile sitoke hapa. Nikienda ku cité, kwenu mujini, kimya ile, najisikia. Batu banasema, Gertrude anapenda maji. Mimi sipende maji hata kidogo. Nalichoka nayo."

Félicien alimwuliza dawa. Mama yake alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya Ulaya. "Kama ningekuwa na dawa, ningekaa hapa kulowa?"

Waliondoka naye, kwa sababu Viviane alimshika kitenge na hakukubali kuachia.

Dawa, kama inaweza kuitwa dawa, ilitokana na uchovu wa Marceline. Sasa alikuwa na hodi tatu nyumbani, na sufuria moja ya maharagwe jikoni. Asubuhi moja, moyo wa mtoto ulipoanza kugonga, Marceline hakwenda mlangoni. Alipiga kelele bila kugeuka: "Ingia, ikala ku kiti!" Na kwa kuwa alilelewa vizuri, alisukuma kiti kwa mguu.

Hodi ikasita.

Marceline akageuka polepole. "Bon," alisema, akikitazama kile kiti kitupu. "Umeingia. Alors, unataka nini asubuhi hii?"

Viviane ndiye aliyejibu, macho sakafuni. "Inasema masœur ya darasa ataniita kusoma mbele ya bengine, na mudomo itafunga, na batacheka."

"Na wakicheka?"

Mtoto alifikiri. "Haikusema bado."

"Iseme. Tuko nangojea."

Walikaa, mama na mtoto na kile kiti, mpaka maharagwe yakaungua kidogo. Hofu ilisema yote iliyokuwa nayo, na ilipomaliza ikaonekana ndogo kuliko mlio wake. Siku ile Viviane alikwenda shule na uji tumboni. Kesho yake ilibisha tena, ikakaribishwa tena. Haikuondoka. Ilijifunza tu kukaa, kama jirani mwenye maneno mengi.

Kwa Félicien ilichukua muda mrefu zaidi. Mtu mwenye tai huona haya kuzungumza na kifua chake. Alijaribu kwanza kwa Kifaransa, na moyo ulizidi kugonga. Alijaribu kwa lugha ya mama yake, mlango wa chumba umefungwa, akajisikia akisema kwamba anaogopa kukutwa hastahili. Alishangaa kidogo, si kwa moyo kuingia na kukaa, bali kwa ufupi wa sentensi aliyokuwa ameibeba miaka yote ile.

Mama Gertrude hakuuambia moyo wake uingie. Alisema askari hawakaribishwi. Lakini mchana, Viviane akitoka shule, alikaa kando yake, na kila mchi ulipopiga, mtoto alisema, "Nasikia, koko." Hiyo ilimtosha bibi. Alikaa cité mwezi mzima bila kuuliza habari za maji.

Tume ilikuja alasiri ya Alhamisi, wanaume watatu na mwanamke mmoja aliyebeba mkoba. Walihesabu uma. Waliinua shuka. Walifungua mfuniko wa choo na kuufunga. Mkubwa wao akamwona Mama Gertrude pembeni, miguu peku, akila kwa mkono.

"Huyu ni nani?"

Félicien alikuwa amejitayarisha kusema ni mgeni wa kupita. Mioyo mitatu ikaanza kubisha kwa pamoja, mkubwa, wa kati na mdogo, nyumba nzima ikatikisika kama kuna watu wanataka kuhamia.

"Ni mama yangu," alisema. "Anaishi hapa."

"Basi fungueni mlango," alisema mkubwa wa tume. "Mna wageni."

Marceline alifungua, akangoja muda wa adabu, akafunga. Tume ikaandika kwamba mke ni mkarimu, mtoto ni safi, bibi anahitaji kufundishwa uma, na mlango umefungwa vibaya kwenye bawaba. Kadi ilikubaliwa.

Ilitolewa katika ukumbi wa mjini, mbele ya bendera. Wanaume walikaa kwa mistari wakiwa na suti nzito, kutoka Stanleyville, Yanonge, Isangi, hata Banalia. Mkubwa mmoja wa serikali alihutubia. Aliwasifu. Alisema kinachompendeza kwa Mwafrika ni utulivu wake. Hana wasiwasi unaomla Mzungu. Akanyamaza kunywa maji.

Katika ukimya ule ukumbi mzima ulianza kubisha. Ko, ko, ko, mstari hadi mstari, mioyo mizito na myepesi.

"Ingia," alisema mkubwa.

Askari walifungua milango ya mbele, wakatazama nje, wakafunga. Mkubwa alisema mbao za jengo zimeliwa na mchwa, akaendelea na hotuba.

Kando ya Félicien alikaa mwalimu wa Yanonge aliyeitwa Évariste, ameubana mkono kwenye tai, jasho linamtoka.

"Umwambie aingie," Félicien alimnong'oneza.

"Nani?"

"Ule yako. Umupatie kiti."

Évariste alimtazama, akatazama mistari ya mbele, akatazama kifua chake mwenyewe. Alianza kucheka bila sauti. "Nami nalifikiri ni minyoo," alisema.

Hotuba ilipokwisha, waliweka kadi mifukoni na kuelekea milango ya mbele. Askari aliwazuia kwa heshima. Milango ile ilikuwa ya Wazungu. Wao wapitie nyuma, jikoni. Walipita jikoni. Walitokea barabarani kundi zima, viatu vinang'aa, vifua vinabisha, na wanawake waliokuwa wanauza kwanga za muhogo ng'ambo ya barabara waliitikia bila kugeuka:

"Karibuni."